Lovelock, daktari aliyewasoma wapinzani kabla ya kukimbia nao

Wiki ya kwanza ya Agosti 1936, watabiri wa riadha waliokusanyika Berlin kwa Michezo ya Olimpiki walikuwa na majina mengi ya kutaja kwa mbio za mita 1,500. Wamarekani walimtaja Glenn Cunningham, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya maili moja. Waitaliano walikuwa na Luigi Beccali, bingwa mtetezi aliyetwaa dhahabu Los Angeles mwaka 1932. Waingereza walimtegemea Sydney Wooderson, kijana mwembamba mwenye miwani, mwanasheria, ambaye ukimkuta njiani usingemdhania kuwa mwanariadha.

Jack Lovelock wa New Zealand alikuwa kwenye orodha, lakini jina lake liliwekewa alama ya kuuliza. Beccali alishamshinda. Wooderson alishamshinda mara mbili. Yeye mwenyewe, hadi miezi michache kabla ya michezo, alikuwa bado akipima kama akimbie mita 1,500 au mita 5,000.

John Edward Lovelock alizaliwa Januari 5, 1910 huko Crushington, kijiji cha wachimba dhahabu kwenye pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Alisoma akiwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya wavulana ya Timaru, akaongoza darasani, akawa kiranja mkuu, akacheza ndondi na kukimbia. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Otago kusomea udaktari. Mwaka 1931 alipata ufadhili wa Rhodes, akapanda meli kwenda Uingereza na kuandikishwa katika Chuo cha Exeter, mojawapo ya vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford.

Oxford ya wakati huo haikuwa na kocha wa kumsimamia mwanafunzi asubuhi na jioni kama ilivyo leo katika kambi za Iten au Arusha. Mwanafunzi alijipangia. Lovelock alijipangia kwa namna ya daktari: aliandika. Aliweka shajara ambamo alirekodi mazoezi, usingizi wake uliokuwa wa taabu, muda wa kila mzunguko, na jambo ambalo wengi hawakulishughulikia, yaani namna wapinzani wake walivyokimbia. Nani hupenda kuongoza. Nani hupoteza subira katika mzunguko wa tatu. Nani ana kasi ya mita 50 za mwisho na nani hana. Shajara hizo zimehifadhiwa na kuchapishwa, na ukizisoma unaona mtu anayewachunguza wenzake kama daktari anavyomchunguza mgonjwa.

Ili kuelewa kwa nini alifanya hivyo, ni lazima kuelewa mbio zenyewe. Maili moja ni mita 1,609, na katika viwanja vya Waingereza na Wamarekani wa enzi zile ilikuwa mizunguko minne kamili. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Hizi si mbio za kufyatuka tangu mwanzo kama mita 100, wala si za uvumilivu mtupu kama marathoni. Anayeongoza hukata upepo kwa ajili ya wote walio nyuma yake, na hana macho kisogoni. Anayefuata hupumzika kidogo lakini anaweza kuzingirwa ndani, akakosa njia ya kutokea pale kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia. Kwa hiyo muda bora wa mtu haumwambii mtabiri mengi. Mwenye muda mzuri zaidi anaweza kushindwa na mwenye muda mbaya, ikiwa mbio zitakwenda kwa namna inayomfaa yule wa pili. Mfanyabiashara wa Busia au Namanga hahitaji kuelezwa hili kwa kirefu: anajua kwamba bei ya juzi ng'ambo ya mpaka si lazima iwe bei ya kesho, na kwamba kabla ya kupakia gari ni vizuri kujua nani mwingine anapakia.

Somo hilo Lovelock alilipata kwa uchungu. Mei 1932 alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 12 katika uwanja wa Iffley Road, Oxford, rekodi mpya ya Dola ya Uingereza. Ni uwanja huohuo ambako miaka 22 baadaye Roger Bannister, naye mwanafunzi wa udaktari aliyepitia Exeter, angekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Baada ya rekodi hiyo Lovelock alikwenda Los Angeles akitajwa miongoni mwa wenye nafasi ya medali. Akamaliza wa saba. Beccali alishinda, na rafiki yake wa Oxford, Jerry Cornes, akachukua fedha. Lovelock alikuwa amefika Marekani akijua muda wake mwenyewe. Wenzake hakuwa amewajua vya kutosha, na mwili wake ulikuwa umeshatumia ubora wake mapema mno katika msimu. Baada ya hapo alianza kuchagua. Katika mwaka mzima angelenga siku moja au mbili tu, nyingine zote zikawa maandalizi.

Siku ya kwanza aliyoichagua ilikuwa Julai 15, 1933, huko Princeton. Oxford na Cambridge walikuwa wamevuka Bahari ya Atlantiki kushindana na vyuo vikuu vya Princeton na Cornell, mashindano ya wanafunzi yasiyo na fedha wala medali ya maana. Lakini Princeton walikuwa na Bill Bonthron, kijana wa nyumbani mwenye kasi kubwa ya kumalizia. Lovelock alimfuata nyuma kama kivuli hadi mzunguko wa mwisho, akamwacha aongoze, akampita walipoingia kwenye mstari wa mwisho mbele ya majukwaa. Saa zilionyesha dakika 4 sekunde 7.6, rekodi mpya ya dunia. Bonthron, aliyeshindwa kwa sekunde moja na kidogo, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani ya Mfaransa Jules Ladoumègue ya 4:09.2. Mashindano ya wanafunzi yalikuwa yamezaa upinzani ambao magazeti ya mabara mawili yangeufuatilia kwa miaka mitatu.

Na magazeti hayo yalijaribu kuutabiri, mara nyingi yakaumbuka. Miezi miwili tu baada ya rekodi ya Princeton, katika michezo ya wanafunzi wa dunia mjini Turin, Beccali alimshinda Lovelock na kufikia rekodi ya dunia ya mita 1,500.

Juni 1934 ilikuwa mbaya zaidi kwa watabiri. Katikati ya mwezi, hapohapo Princeton, Cunningham wa Chuo Kikuu cha Kansas alimwacha Bonthron mbali, akaichukua rekodi ya Lovelock kwa dakika 4 sekunde 6.8. Waandishi wakaandika kwamba Bonthron amekwisha. Wiki moja baadaye, katika mashindano ya vyuo vya Marekani, Bonthron alimshinda Cunningham. Wiki nyingine ikapita, na Juni 30 huko Milwaukee Bonthron akamshinda tena, safari hii katika mita 1,500 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 48.8, Cunningham akiwa nyuma yake kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Watu walewale wawili walikuwa wamekutana mara tatu ndani ya wiki mbili, na yeyote aliyetumia matokeo ya mara ya kwanza kutabiri yaliyofuata alipoteza.

Cunningham hakuwa mtu wa kudharauliwa hata kidogo. Akiwa mtoto alinusurika moto shuleni kwao Elkhart, jimboni Kansas, moto uliomuua kaka yake Floyd na kumwacha yeye na miguu iliyoungua vibaya. Madaktari walifikiria kuikata. Alipokuwa mtu mzima ilimbidi kupasha misuli moto kwa muda mrefu kabla ya kila mbio kwa sababu ya makovu yale. Mtindo wake ulikuwa wa wazi: nusu ya pili ya mbio aliikimbia haraka kuliko ya kwanza, akiongeza kasi polepole hadi waliomfuata waishiwe pumzi. Hakuficha. Nguvu yake ilikuwa kwamba hata ukijua atakachofanya, ilikuwa vigumu kumzuia.

Lovelock alivuka tena Atlantiki Juni 1935, katikati ya masomo yake ya udaktari, kwa ajili ya mbio moja. Waandaaji wa Princeton walikuwa wamewakusanya yeye, Cunningham na Bonthron, na magazeti yakaiita maili ya karne. Wengi walitarajia rekodi ianguke. Haikuanguka. Mbio zilikwenda taratibu kuliko ilivyotabiriwa, kila mmoja akimchungulia mwenzake, na mwendo wa taratibu ndio uliomfaa Lovelock. Alikaa begani kwa Cunningham, akachomoka mwishoni, akashinda kwa 4:11.2. Bonthron alikuwa wa pili na Cunningham wa tatu. Wenye rekodi bora kuliko yake walimaliza nyuma yake.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupitiliza, wakimfanya Lovelock mchawi aliyejua kila kitu. Ukweli ni kwamba mwezi uliofuata, mjini London, Wooderson alimshinda katika mashindano ya taifa ya Uingereza, ingawa mwaka 1934 Lovelock alikuwa amemtangulia Wooderson huyohuyo na kutwaa dhahabu ya maili moja ya Michezo ya Dola ya Uingereza. Mwaka 1936 Wooderson akamshinda tena. Wapo waliosema Lovelock alijificha kwa makusudi akiisubiri Berlin. Ni kweli kwamba hakuwa amelenga siku zile, lakini mtu hashindwi mara mbili na mpinzani yuleyule kwa mpango mtupu. Wooderson alikuwa mkali, na Lovelock alilijua hilo.

Alichokijua pia ni kwamba wenzake walishamsoma. Kuanzia Princeton 1933, kila mtu alifahamu kwamba Lovelock ni mtu wa kusubiri na kufyatuka kwenye mstari wa mwisho. Cunningham angekuwa amejiandaa kwa hilo. Beccali, aliyekuwa na kasi ya mwisho kama yeye, pengine zaidi, angelisubiri kwa hamu. Utabiri wao juu yake ulikuwa sahihi kwa ushahidi wote uliokuwepo, na Lovelock akaamua kuutumia.

Kabla ya fainali bahati nayo ilimpa mkono. Wooderson aliingia Berlin na kifundo cha mguu kilichoumia, akatolewa katika mchujo. Agosti 6 wakabaki wanaume 12. Lovelock alivaa nguo nyeusi za New Zealand. Cornes aliongoza mwanzoni, kisha Cunningham akashika usukani na kuanza kazi yake ya kuwachosha wengine. Lovelock alikaa nyuma yake kidogo, upande wa nje, mahali ambapo hawezi kuzingirwa. Katika mzunguko wa tatu Eric Ny wa Sweden alisogea mbele, na kwa muda mfupi Cunningham akawa anamwangalia Msweden.

Zilikuwa zimebaki kama mita 300. Katika zama zile hapo hapakuwa mahali pa kushambulia. Mwenye kasi alisubiri kona ya mwisho, akaokoa nguvu zake kwa ajili ya mita 100 hivi. Lovelock alichomoka palepale. Kabla Cunningham hajang'amua kilichotokea, pengo la mita kadhaa lilikuwa limeshafunguka, na Beccali aliyekuwa akijiwekea akiba kwa ajili ya mstari wa mwisho akajikuta akiba yake haina tena wa kuitumia dhidi yake. Cunningham alimfukuza kwa nguvu zote. Pengo lilibaki.

Lovelock alikata utepe kwa dakika 3 sekunde 47.8, sekunde nzima chini ya rekodi ya dunia ya Bonthron. Cunningham, kwa 3:48.4, naye aliivunja rekodi hiyo na kupata fedha. Beccali alikuwa wa tatu. Katika kibanda cha redio cha BBC, Harold Abrahams, bingwa wa mita 100 wa mwaka 1924, alisahau kwamba kazi yake ni kutangaza, akawa anamshangilia rafiki yake kwa sauti. Lovelock aliandika baadaye katika shajara yake kwamba hicho kilikuwa kilele cha miaka minane ya kazi, akaizungumzia mbio ile kama msanii anavyozungumzia kazi aliyoimaliza. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa New Zealand katika riadha.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuikumbuka nchi hiyo katika mita 1,500. Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alifanya kinyume kabisa cha yale ya Lovelock. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu waliokuja kumshangilia John Walker wao, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Walker naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, kama ilivyokuwa kwa Cunningham kule Berlin, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Marudio ya pambano hilo yalisubiriwa Montreal 1976 na hayakutokea. Mataifa mengi ya Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, yaliisusia michezo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alishinda dhahabu, ya tatu kwa nchi yake katika mbio hizo baada ya Lovelock na Peter Snell. Nani angeshinda kama Bayi angekuwepo ni ubishi ambao wazee wa riadha pande zote bado wanaufurahia.

Baada ya Berlin, Lovelock alirudi Princeton kwa mara ya mwisho, Oktoba 1936. Mabango yalikuwa ya Lovelock na Cunningham. Mshindi akawa Archie San Romani, mwanafunzi wa chuo kidogo cha ualimu cha Emporia, hukohuko Kansas alikotoka Cunningham. San Romani alikuwa wa nne Berlin, na mwaka huohuo alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani, lakini mbele ya majina mawili makubwa watabiri walimpita wakitafuta habari nyingine. Naye, kama Cunningham, alikuwa amejeruhiwa mguu vibaya utotoni. Wanafunzi wa vyuo vidogo hukimbia mbele ya watu wachache na saa zao huandikwa kwenye kurasa za ndani. Mtabiri anayesoma ukurasa wa mbele pekee hatawaona wakija.

Kutoka Princeton, Lovelock alizuru New Zealand na kupokewa kama shujaa. Kila mshindi wa dhahabu Berlin alikuwa amepewa mche wa mwaloni, na mche wake ulipandwa katika shule yake ya zamani ya Timaru, ambako sasa ni mti mkubwa unaowatilia kivuli wanafunzi. Yeye aliacha mbio akiwa na umri wa miaka 26 na kurudi London kumalizia udaktari katika Hospitali ya St Mary's.

Mwaka 1940 alianguka kutoka juu ya farasi. Mifupa ilipona, lakini kichwa na macho havikurudi sawasawa. Tangu siku hiyo alisumbuliwa na kizunguzungu, na mara nyingine aliona vitu viwiliviwili. Hata hivyo alitumikia kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza wakati wa vita, akafikia cheo cha meja, akishughulika na kuwarejeshea askari waliojeruhiwa uwezo wa kutembea na kufanya kazi. Mwaka 1945 alimwoa Cynthia James, Mmarekani, wakapata mabinti wawili. Baadaye familia ilihamia New York, naye akaendelea na tiba hiyohiyo ya viungo hospitalini.

Desemba 28, 1949 alijisikia vibaya kazini. Alimpigia simu mke wake kumweleza kwamba ana kizunguzungu na kwamba anarudi nyumbani mapema. Katika kituo cha treni cha Church Avenue, Brooklyn, alianguka kutoka jukwaani hadi kwenye reli wakati treni ikiingia. Alifariki papo hapo, siku nane kabla ya kutimiza miaka 40.